Ati Ureno waliruhusu unga? Jibu kwa msomaji anayeandika ilani

Swali: "Mimi ni mwanachama wa chama kimoja hapa Tanga, nisingependa kukitaja. Tumeunda kamati ndogo ya mapendekezo ya ilani, na mimi nimekabidhiwa kipengele cha dawa za kulevya, nadhani kwa sababu wote wanajua mdogo wangu ni teja. Mjumbe mmoja, mzee wetu, anataka tuandike 'vita bila huruma'. Mwingine, kijana aliyesoma nje, anasema kuna chama huko Ureno kiliruhusu unga na tatizo likaisha, basi nasi tuige. Nani mkweli? Na nikiandika, niseme nini kuhusu watumiaji na nini kuhusu wauzaji?"

Dada yangu, asante kwa swali, na pole na ya nyumbani.

Nianze na huyo kijana, kwa kuwa habari aliyoileta ni ya kweli nusu. Ureno hawakuruhusu unga. Leo hii ukikamatwa Lisbon na kete ya heroini, polisi wanaichukua, wanaandika jina lako, na unapewa siku tatu za kufika mbele ya watu utakaoonana nao hapa chini. Ukikamatwa unauza, unakwenda mahakamani, na kifungo cha kawaida kwa usafirishaji na uuzaji ni kati ya miaka 4 na 12. Kilichobadilika ni kimoja tu: anayekutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe hashtakiwi kwa jinai. Kosa limebaki kosa, ila limeshushwa daraja, likawa la kiutawala, jamii moja na kuegesha gari pasiporuhusiwa. Kuondoa jinai ni jambo moja na kuhalalisha ni jingine. Kwenye kamati yenu mtabishana hadi usiku wa manane kama hamkuanza kwa kutenganisha maneno hayo mawili.

Walifikaje huko? Hadi tarehe 25 Aprili 1974 Ureno ilikuwa chini ya udikteta wa karibu nusu karne. Nchi ilifungwa kiasi kwamba hata Coca-Cola ilikuwa marufuku. Utawala ulipoanguka, mipaka ikafunguka kwa mkupuo, vita vya kikoloni vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji vikaisha, na wanajeshi pamoja na walowezi kwa malaki wakarudi kwao, baadhi yao na bangi kwenye mabegi. Heroini ikafuata nyuma, ikawakuta watu wasioijua kabisa. Kufika mwisho wa miaka ya tisini, nchi yenye watu milioni 10 ilikadiriwa kuwa na watumiaji wa heroini wapatao 100,000. Mtu mmoja katika kila mia. Katika Umoja wa Ulaya wa wakati huo hakuna nchi iliyoizidi kwa UKIMWI uliotokana na kujidunga. Pale Lisbon palikuwa na mtaa wa mabondeni, Casal Ventoso, ambako watu walinunua na kujidunga mchana kweupe, wengine wakilala humo humo kwenye vibanda vya maturubai.

Ila idadi haikutosha kuibadilisha siasa. Siasa ilibadilika kwa sababu unga uliingia nyumba za kila aina: mtoto wa daktari, mtoto wa dereva wa basi, mtoto wa diwani. Mtu akiwa na wake nyumbani, neno "wapigwe" linamkwama kooni. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Mwaka 1998 serikali ya Chama cha Kisoshalisti, chini ya Waziri Mkuu António Guterres (ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa), ilifanya kitu ambacho wanasiasa hawakipendi. Ilichukua swali gumu ikawapa watu wasioomba kura. Iliunda tume ya wataalamu tisa. Mwenyekiti wake, Alexandre Quintanilha, ni mwanasayansi aliyezaliwa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, kwa hiyo huku kwetu kuna mkono kidogo katika hadithi hii. Miongoni mwao alikuwemo pia João Goulão, daktari wa familia kutoka kusini mwa nchi, aliyeona wagonjwa wake wakikatika mmoja baada ya mwingine. Tume ilitoa ripoti mwaka huo huo, baraza la mawaziri likapitisha mkakati mwaka 1999, bunge likatunga Sheria namba 30 ya mwaka 2000, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2001. Angalia miaka hiyo. Tume, mkakati, sheria, utekelezaji: hawakuanza na sheria.

Sasa twende kwenye chumba chenyewe, maana hapo ndipo penye sera. Hayo mengine ni karatasi.

Chukulia kijana wa miaka 30 amekamatwa na heroini ya gramu 0.6. Sheria ina jedwali: heroini gramu 1, kokeini gramu 2, hashishi gramu 5, bangi gramu 25. Hicho ndicho kiasi kinachohesabiwa kuwa matumizi ya mtu mmoja kwa siku 10. Yuko chini ya mstari, kwa hiyo hakuna mahabusu. Anaandikiwa aende ndani ya saa 72 kwenye kamati ya kuwashawishi watumiaji waache, ambayo ipo katika kila wilaya. Akifika hakuti kizimba wala majoho. Anakuta meza na watu watatu: mmoja wa sheria, wengine wawili wa saikolojia, udaktari au ustawi wa jamii. Wanamuuliza anafanya kazi gani, analala wapi, anavuta au anajidunga, alianza lini, nyumbani nani anajua. Jibu wanalolitafuta ni moja: huyu ni mraibu, au ni mtu aliyevuta bangi Jumamosi kwenye sherehe?

Kama ni wa Jumamosi, na ni mara yake ya kwanza, jalada linasimamishwa, aende zake. Kama ni mraibu na amekubali matibabu, jalada linasimamishwa pia, na miadi ya kliniki inapangwa pale pale kabla hajainuka kitini. Akikataa, wana adhabu ndogo ndogo: kuripoti mara kwa mara, kuzuiwa kwenda sehemu fulani, kunyang'anywa leseni ya kazi fulani. Kipo kipengele kimoja ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: mraibu hatozwi faini. Waliotunga sheria walijua kwamba ukimtoza teja faini umemtuma akaibe.

Watetezi wa Ureno hapo hunyamaza wakipiga makofi. Mimi sinyamazi, kwa sababu sera hiyo ina tundu kubwa katikati. Kijana wetu wa gramu 0.6 ameinunua wapi? Kwa mtu ambaye sheria hiyo hiyo inamtaka jela. Chama kiliondoa jinai kwa mnunuzi kikaiacha kwa muuzaji, maana yake soko lote limebaki mikononi mwa magenge, na mali inayouzwa haina anayeipima. Tena Ureno ni mojawapo ya malango ya kokeini ya Amerika Kusini kuingia Ulaya, na sheria ya 2001 haikulifunga lango hilo. Haikukusudiwa kulifunga. Upande wa wauzaji ilichoahidi ni kimoja, polisi waache kuhesabu vijana wenye kete na wapate muda wa kufuata mizigo. Ahadi ndogo, na kwa kiasi chake ilitimia.

Upande wa waraibu matokeo yako wazi zaidi. Waliokuwa kwenye matibabu walikuwa takriban 23,600 mwaka 1998, wakafika 38,500 mwaka 2008. Maambukizi mapya ya VVU yaliyotokana na kujidunga yalizidi 1,000 mwaka 2001. Kufika mwisho wa miaka ya 2010 yalikuwa chini ya 20 kwa mwaka. Wafungwa wa makosa ya dawa za kulevya walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wafungwa wote waliohukumiwa, wakashuka chini ya 20. Lakini usiende kwenye kamati ukasema sheria ndiyo iliyofanya yote hayo. Maduka ya dawa ya Ureno yalikuwa yakibadilisha sindano chafu kwa safi tangu 1993, na methadone, dawa ya kunywa anayopewa mraibu wa heroini badala ya unga, iliongezwa kwa wingi wakati huo huo. Sheria iliondoa woga uliowazuia watu kuzifuata huduma hizo. Huduma zenyewe zililipiwa.

Kuna funzo la kichama humo ambalo huyo mzee wa "vita bila huruma" angelisikiliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa kura. Vyama vya mrengo wa kulia vilipinga sheria ile bungeni, vikatabiri kwamba ndege zitajaa watalii wa kuja kuvuta. Desemba 2001 Guterres alijiuzulu baada ya chama chake kuanguka kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2002 wapinzani wakaingia madarakani. Watalii wa unga hawakuja, na wapinzani hao, waliokuwa na wingi wa kuifuta sheria, waliiacha ilivyo. Wakati huo mameya walishaona mitaa inatulia, na mapolisi walishazoea kutojaza mahabusu kwa gramu nusu.

Halafu ikaja njaa. Kwenye msukosuko wa madeni, mwaka 2012 serikali iliivunja taasisi moja iliyokuwa imeshika kinga, tiba na takwimu kwa pamoja, matibabu yakahamishiwa mikoani, fungu likapungua. Sheria haikuguswa hata nukta. Lakini miaka 10 baadaye wakazi wa Porto walikuwa wakilalamika tena kuhusu watu kujidunga milangoni mwao, na mwaka 2023 meya wao alitaka jinai irudi kwa wanaotumia karibu na shule na hadharani. Taasisi ya pamoja ikaundwa upya mwaka 2024. Sheria ile ile, nchi ile ile, fedha tofauti, mitaa tofauti.

Ukitaka ushahidi wa pili, tazama jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 2020 wapiga kura walipitisha hoja ya kuondoa jinai, ikaanza Februari 2021. Waliiga gramu za Wareno, wakasahau meza na watu watatu. Aliyekamatwa alipewa tiketi ya dola 100 yenye namba ya simu: piga, upimwe, faini ifutwe. Waliopiga walikuwa wachache mno. Fedha za matibabu zilichelewa, wakati fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilikuwa imeshafika mjini. Septemba 2024 jinai ilirudi. Kijana wenu akisema "tuige Ureno", muulize: tunaiga Ureno, au tunaiga Oregon tukidhani ni Ureno?

Na sasa "vita bila huruma". Hiyo nayo imeshajaribiwa na chama, tena chama kilichopendwa kweli kweli. Tarehe 1 Februari 2003 serikali ya Thai Rak Thai chini ya Thaksin Shinawatra ilitangaza vita ya miezi mitatu dhidi ya yaba, vile vidonge vya methamfetamini. Mikoa ilipewa orodha za majina na viwango vya kufikisha. Miezi mitatu ilipokwisha zaidi ya watu 2,000 walikuwa wameuawa, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi wao hawakuwa na uhusiano wowote na dawa. Yaba ipo hadi leo, na ni rahisi kuliko ilivyokuwa wakati ule. Ukimpa mkuu wa mkoa idadi ya kufikisha, ataifikisha, na walio karibu na mkono wake ni mateja wa stendi, hao wasiokimbia.

Aina ya tatu ya sera iko kwa jirani, niitaje haraka. Uchaguzi wa Kenya wa 2022, Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots aliahidi kuhalalisha bangi, iuzwe nje ilipe madeni ya taifa. Watu walicheka, wakaimba, na siku ya kura akapata chini ya nusu asilimia. Mimi kilichonishangaza ni kwamba katika kelele zote zile suala la mraibu halikupewa nafasi. Bangi ilijadiliwa kama chai au kahawa. Hiyo ni sera ya biashara, na inaweza kuwa nzuri au mbaya kama biashara, lakini usiipeleke kwenye kipengele chako.

Tuje nyumbani. Sheria yetu ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inamhesabu mtumiaji kuwa mhalifu, na muuzaji vile vile. Wakati huo huo serikali hiyo hiyo inamtibu. Muhimbili ilianza kutoa methadone Februari 2011, kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo kusini mwa Sahara ukiviacha visiwa. Zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Dodoma, Mwanza, Mbeya, na Tanga kwenu. Watu wengi wa vyama hawajui kwamba katika jambo hili tumetangulia majirani wengi. Wanajua kuchoma mashamba ya bangi, kwa sababu hilo ndilo hutoka kwenye taarifa ya habari.

Nimekaa miaka kadhaa nyuma ya dirisha la dawa, nikuonyeshe lilivyo. Mtu anafika, anataja namba yake, unamtazama usoni kwanza: macho yamesinzia? ananuka pombe? Unampimia sharubati yake kwenye kikombe cha plastiki. Anakunywa mbele yako. Unaongeza maji kidogo kikombeni, anasuuza, anameza. Kisha unamsemesha. "Mama hajambo?" Lazima ajibu, kwa sababu mwenye dawa mdomoni hawezi kusema "hajambo" vizuri, na dawa iliyotoka mdomoni inauzwa nje ya geti. Anaondoka. Kesho tena. Na keshokutwa, sikukuu na mvua ya masika. Methadone haimleweshi aliyeizoea kwa dozi yake, inazuia arosto tu, yale maumivu ya mifupa, kuharisha na makamasi yanayomfanya mtu auze hata sufuria ya mama yake. Akiwa hana arosto, ana saa 24 za kuwa mtu wa kawaida.

Kinachovunja mpango huo si kile watu wanachodhani. Ni nauli. Nilikuwa na kijana, fundi rangi, amekaa miezi saba safi. Akapata kazi saiti, wanaanza saa moja asubuhi, sisi tulikuwa tunafungua saa hiyo hiyo upande wa pili wa mji. Akachagua kazi. Wiki mbili baadaye alirudi maskani. Mwingine alikamatwa asubuhi njiani kuja kwetu, mfukoni hana kitu zaidi ya kadi ya kliniki, akalala ndani siku nne kwa uzururaji. Siku nne bila dozi! Alipotoka hakuja kwetu, alikwenda kwa pusha. Tukashukuru hakufa, maana anayetoka ndani mwili wake umeshasahau, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua.

Umeona zinavyogongana? Mkono mmoja wa serikali unamtoa mtu kwenye unga kwa sharubati na uvumilivu, mwingine unamrudisha kwa siku nne tu. Ilani isiyoamua mgongano huo haijasema kitu, hata ikiwa na kurasa tatu.

Kuhusu wauzaji, jambo moja la hesabu. Heroini inayofika kwetu hutoka Afghanistan, inapakiwa pwani ya Makran, huko mpakani mwa Iran na Pakistan, na kuvuka bahari kwa majahazi. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ililikamata jahazi moja mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032. Tuseme kete moja ni sehemu ya kumi ya gramu: hizo ni kete zaidi ya milioni 10, kwenye jahazi moja. Desemba 2023 Mamlaka yetu ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa, kazi ya wiki chache. Sasa weka pembeni yake doria inayovamia maskani na kurudi na vijana 40. Ukiwapekua wote, mali yao haijazi kiganja. Na mateja hao hao wanaijua njia ya unga hadi kwa pusha wa mtaa tu. Wazungu wa unga, wenye majahazi, hawajawahi kuonana nao. Anayetaka kuwafikia hao anahitaji hesabu za benki, hati za viwanja, mashahidi wanaolindwa, na ushirikiano na nchi nyingine. Ndugu wawili wa familia ya Akasha wa Mombasa, wasafirishaji wa unga, walisumbua mahakama za Kenya miaka, hadi walipopelekwa Marekani mwaka 2017. Baktash akahukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim 23 mwaka uliofuata.

Nikuonye pia kuhusu kushinda. Mzigo mkubwa ukikamatwa, mtaani unga unapungua na bei inapanda. Kama kliniki ina nafasi, wiki hiyo ni neema, mateja wanakuja wenyewe. Kama haina, aliyekuwa akivuta anahamia kwenye sindano ili unga mdogo umtoshe, na sindano inazunguka watu wanne. Kwa hiyo anayepanga operesheni na anayesimamia kliniki wanapaswa kupigiana simu kabla. Sijaona ilani iliyoandika hivyo.

Umeniuliza uandike nini. Ningekuwa mimi, ningeandika aya moja tu, bila neno "vita" hata mara moja, yenye mambo haya: kwamba chama kitapeleka bungeni pendekezo kuwa anayekutwa na kiasi cha matumizi binafsi apelekwe kwa mnasihi na daktari ndani ya saa 72, na gramu zitajwe kwenye jedwali la sheria, zisiachwe kwa askari. Kwamba kadi ya kliniki iheshimiwe na kila polisi na kila mgambo, na aliyeko mahabusu apelekewe dozi. Kwamba kila kliniki ifungue saa kumi na moja alfajiri, na waliotulia wapunguziwe safari. Kwamba nyumba za upataji nafuu, hizi tunazoziita soba, zisajiliwe na zikaguliwe, kwa kuwa nyingine zinafanya kazi ya Mungu na nyingine zinawafunga watu minyororo. Kwamba Mamlaka ipimwe kwa mali na fedha za wasafirishaji zilizotaifishwa, na isipimwe kwa idadi ya vijana waliokusanywa. Na mwisho chanzo cha fedha, kiandikwe: sehemu ya mali hizo zilizotaifishwa iende kwenye matibabu. Bila sentensi hiyo ya mwisho umeandika Oregon.

Mtaambiwa mnawalea mateja. Usijibu kwa takwimu, mkutanoni hazisikiki. Mwulize anayesema hivyo kama kwao hayupo hata mmoja, kisha nyamaza umpe muda.

Pendekezo la kuondoa jinai ndilo gumu kuliko yote, na huenda kamati ikalikata. Wakilikata, usiondoke. Kadi ya kliniki na saa za kufungua hazihitaji sheria mpya, zinahitaji waraka. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, ningechukua hayo mawili kesho asubuhi kuliko sheria nzuri ya baada ya miaka mitano.

Na mdogo wako. Kliniki nyingi hupokea wapya kupitia asasi zinazofanya kazi maskani, kwa hiyo anza na hao, watamwandikisha na kumpeleka kwenye vikao vya utangulizi. Nenda naye siku ya kwanza. Watampima VVU, kifua kikuu na homa ya ini, asishtuke. Jambo moja mwambie kabla hamjatoka nyumbani: akiulizwa anatumia kiasi gani, na kama anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, aseme kweli tupu, asijipunguzie kwa aibu wala asijiongezee ili apewe nyingi. Dozi ya kwanza daktari huipanga kwa kusikiliza jibu hilo.